Mafurushi ya msimbo yakae wapi unapojijengea mfumo endeshi?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanachuo, nakaa Ngamiani hapa hapa Tanga. Najaribu kujijengea Linux yangu mwenyewe kutoka kwenye msimbo wa chanzo, kwa kufuata maelekezo ya mradi wa Linux From Scratch. Kompyuta yangu ni mpakato yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Mara ya kwanza niliweka kila kitu kwenye folda ya Downloads, nikavurugikiwa. Mara ya pili nikafungulia mafaili ndani ya /tmp. Umeme ukakatika, na betri yangu imeshakufa, nilipowasha sikukuta kitu. Sasa nina flashi ya GB 64 na nataka kazi yote niihamishie huko. Rafiki yangu ananiambia niweke /usr/src kwa sababu ndiko kunakostahili. Mafaili ya msimbo niyaweke wapi hasa? Na nikimaliza niyafute au niyaache?"

Marahaba, mwanangu. Pole na umeme, na hongera kwa kutokata tamaa baada ya kuangushwa mara mbili. Umeniuliza mahali pamoja, mimi nitakupa mahali patatu, maana hayo unayoyaita mafaili ya msimbo ni vitu vitatu vyenye tabia tofauti. Ulipovichanganya ndipo ulipoumia.

Cha kwanza ni furushi lenyewe kama lilivyotoka kwa watunzi wake, lile faili linaloishia na .tar.xz au .tar.gz. Hilo halibadiliki. Cha pili ni folda inayotokea ukilifungua, na ndani yake ndimo unamokompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu. Hiyo ina maisha ya saa moja, pengine dakika mbili. Cha tatu ni vitu vyako wewe: viraka (marekebisho ya msimbo) ulivyotafuta, skripti ulizoandika, faili la mipangilio (.config) la kerneli, yaani kiini cha mfumo, na daftari la ulichofanya jana usiku. Hivyo havipatikani mahali pengine popote duniani.

Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo nikuelezee kwa bandari. Wazee wetu wameona meli zikitia nanga nje, matishari yakileta mzigo hadi gatini. Mzigo ukishafika gatini haulali hapo. Unafunguliwa, unahesabiwa, unaondoka, gati linafagiliwa ili tishari lijalo lipate nafasi. Anayetaka kuhifadhi ana bohari. Na karatasi za mzigo haziachwi gatini wala bohari, zinakaa ofisini. Wewe ulifanya gati kuwa bohari na ofisi kwa pamoja, tena ulichagua gati linalosombwa na maji kila umeme ukikatika.

Tuanze na mafurushi. Wakati wa ujenzi yakae kwenye partisheni (kipande cha diski kilichotengwa) ile ile unayoijengea mfumo mpya, katika folda iitwayo sources. Kwa kawaida partisheni hiyo hupachikwa, yaani huunganishwa, kwenye folda ya /mnt/lfs, kwa hiyo anwani kamili ni /mnt/lfs/sources. Maelekezo yatakupa amri hizi mbili na wengi huzipiga bila kujiuliza zinafanya nini:

mkdir -v $LFS/sources
chmod -v a+wt $LFS/sources

Kwa nini ndani ya partisheni hiyo, na si kwenye folda yako ya nyumbani? Sababu ni chroot. Ukifika katikati ya kazi utapiga amri ya chroot, na kuanzia hapo kilichokuwa /mnt/lfs kinageuka kuwa mzizi, yaani /. Ulimwengu wa nje unafungwa. Folda yako ya /home haionekani tena, Downloads haionekani, hata amri ya wget unayoitegemea kushushia mafaili haipo kwa sababu bado hujaijenga. Mafurushi yakiwa /mnt/lfs/sources, ndani ya chroot utayakuta /sources, yako palepale, hujasogeza hata moja. Yakiwa kwingine, utakuwa mtu wa kuingia na kutoka kila unapohitaji faili, na kila kutoka ni nafasi ya kukosea.

Sasa hiyo herufi t kwenye chmod. Alama ya a+w inaruhusu kila mtumiaji kuandika kwenye folda hiyo. Ingeishia hapo, mtumiaji yeyote angeweza pia kufuta faili la mwenzake. Herufi t ndiyo kufuli: wote mnaandika, lakini faili halifutwi wala kubadilishwa jina ila na mwenyewe, au mwenye folda, au root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ni kufuli ile ile iliyopo kwenye /tmp ya kila Linux. Inahitajika kwa sababu mwanzoni utafanya kazi kama mtumiaji wa kawaida aitwaye lfs, na baadaye kama root, na wote wawili watafungulia mafurushi humo humo. Ukishamaliza kushusha, wamilikishe root mafurushi yote kwa chown root:root $LFS/sources/*, maana namba ya mtumiaji wako wa leo haitakuwa na mtu katika mfumo mpya. Ukija kumuumba mtumiaji mwingine akapewa namba hiyo hiyo, atajikuta amerithi mafaili yasiyo yake.

Kabla hujaenda mbele, nikusimamishe hapa, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wakilia. Lile neno $LFS ni jina tu, linabeba anwani /mnt/lfs kwa sababu wewe uliliambia hivyo kwa amri ya export. Umeme ukikatika, ukawasha upya, jina hilo linakuwa tupu. Ukipiga mkdir $LFS/sources wakati huo, kompyuta inasoma mkdir /sources, na folda inaundwa kwenye mfumo wako wa kila siku. Hilo ni dogo. Kubwa ni pale maelekezo yanapokutaka ubadilishe umiliki wa $LFS/usr na wenzake kwa chown. Jina likiwa tupu, utakuwa umebadilisha umiliki wa /usr ya mfumo unaoutumia, na mfumo huo hautasimama tena sawasawa. Kwa hiyo kila ukikaa kwenye kiti, kabla ya amri nyingine yoyote, piga:

echo $LFS
findmnt $LFS

Ya kwanza ikujibu /mnt/lfs. Ya pili ikuonyeshe kwamba partisheni imepachikwa kweli, maana folda ya /mnt/lfs inaweza kuwepo huku partisheni yenyewe haijaunganishwa, ukawa unamwaga mafurushi kwenye folda tupu ya diski nyingine. Hili linakuhusu wewe kuliko mtu mwenye betri nzima.

Kuhusu kushusha, mradi una faili la orodha ya anwani liitwalo wget-list. Ulitumie pamoja na kibali cha --continue. Bando likikatika katikati ya GCC, ile kompaila, ukirudi inaendelea ilipoishia, hairudii mwanzo. Mafurushi yote ya msingi kwa pamoja ni karibu nusu GB, yanazidi au kupungua kidogo kwa kila toleo. Kwa bando za usiku si mzigo wa kutisha, lakini si kitu cha kushusha mara tatu.

Na hapa nikuhadithie langu. Ujenzi wangu wa mwanzo ulikwama kwenye Glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, nikaona niufute wote nianze upya kwa adabu. Nikapiga mkfs, amri ya kupangilia upya, kwenye partisheni. Ilifutika ndani ya sekunde chache, na ndipo nilipokumbuka kwamba mafurushi yalikuwa humo humo. Nilikuwa nimefuata maelekezo barabara, nimeyaweka yanapotakiwa, ila sikuwa na nakala nyingine. Niliposhusha tena, kifurushi kimoja hakikuwepo kwenye anwani yake, kwa sababu toleo jipya lilikuwa limeshatoka. Jambo hilo ni la kawaida. Zlib, kwa mfano, toleo jipya likitoka la zamani huondolewa mbele na kupelekwa kwenye folda iitwayo fossils, na orodha ya toleo la zamani la maelekezo inabaki ikionyesha pale pasipo na kitu. Nilipoteza siku mbili nikitafuta faili ambalo wiki iliyopita nilikuwa nalo mkononi.

Tangu hapo sijaweka mafurushi mahali pamoja. Nakushauri utenge partisheni ya pili kwenye diski hiyo ya GB 500, GB 40 zinatosha sana, iwe ndiyo bohari. Ujenzi wenyewe uupe GB 30. Unashushia bohari kwanza, unahakiki, kisha unanakili kwenda $LFS/sources. Partisheni ya ujenzi ikiharibika unaifuta bila wasiwasi, bohari haijaguswa.

Wapo wanaopenda njia fupi zaidi: wanaipachika partisheni ya bohari moja kwa moja juu ya $LFS/sources. Inafanya kazi vizuri, na inakuokolea nafasi kwa kuwa hakuna nakala mbili. Mimi siipendi kwa anayeanza. Kwanza chmod ya a+wt lazima uipige baada ya kupachika, kwa sababu ruhusa za folda ya chini zinafunikwa na zile za partisheni iliyokuja juu. Watu huipiga kabla, kisha mtumiaji lfs anakataliwa kuandika, wanakesha wakitafuta kosa lilipo. Pili, ukisahau kuipachika baada ya kuwasha upya, utaona sources tupu na utadhani umeibiwa. Ukishazoea, itumie.

Flashi sasa. Flashi yako karibu kwa hakika imetoka dukani na FAT32 au exFAT, mpangilio unaosomeka na karibu kila kompyuta. Kubebea mafurushi yakiwa yamefungwa, inafaa kabisa. Kufungulia na kukompaili humo, hapana, na naomba usijaribu hata mara moja. FAT haijui mmiliki wa faili ni nani, haijui ruhusa ya kuendesha, haijui viungo vya faili kwenda faili. Mafurushi mengi yana viungo hivyo ndani yake, na tar itakulalamikia. Tena FAT haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kwako hilo laweza kuonekana jambo dogo, lakini fungua msimbo wa kerneli uende include/uapi/linux/netfilter. Utakuta faili xt_DSCP.h na jirani yake xt_dscp.h. Ni mafaili mawili tofauti, yenye kazi tofauti. Ukiyafungulia kwenye FAT, moja linamfuta mwenzake kimyakimya, na utaligundua siku kerneli inapogoma kwa kosa lisiloeleweka.

Waweza kusema basi nitaipangilia flashi kwa ext4, mpangilio wa Linux yenyewe. Sawa, matatizo hayo yatakwisha, lakini yanabaki mengine. Flashi za bei ya kawaida ni nzito mno katika kuandika mafaili madogo madogo, na msimbo wa kerneli peke yake una mafaili zaidi ya 70,000. Halafu angalia jinsi inavyopachikwa. Ukiiandika kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya vitu vya kupachikwa, kwa neno user ili uweze kuipachika bila kuwa root, neno hilo linakuja na noexec (katazo la kuendesha programu) ndani yake bila kukuambia. Utapiga ./configure, utajibiwa huna ruhusa, utapiga chmod +x mara kumi na jibu litakuwa lile lile, kwa sababu kikwazo hakipo kwenye faili, kipo kwenye upachikaji.

Na jina. Kijana mmoja aliniletea mashine yake, kerneli imekataa kujengwa. Tulikaa nayo barazani, tukatazama anwani iliyoandikwa kwenye terminali: alikuwa ameiita diski yake ya nje Kazi Zangu, maneno mawili, na katikati yake nafasi. Msimbo wa kerneli unakataa waziwazi kujengwa kwenye folda ambayo anwani yake ina nafasi au nukta mbili, na vifurushi vingine vinavunjika bila hata kukataa. Tulibadilisha jina likawa kazi, ikaanza kujengwa palepale. Majina ya folda za ujenzi yawe mafupi, herufi ndogo, bila nafasi.

Kwa hiyo flashi iwe bohari ya pili: nakala ya mafurushi na karatasi zako, ifungwe kwenye mfuko mkavu. Hewa yetu ya bahari haina huruma na vyuma.

Kuhusu /tmp sitarefusha, yameshakupata. Mifumo mingi ya leo huweka /tmp kwenye RAM, ndiyo maana hukukuta kitu ulipowasha. Hata pale inapokuwa kwenye diski, mfumo una haki ya kuisafisha ukiwaka. Na hata umeme usingekatika, ungekwama: kujenga GCC kunahitaji zaidi ya GB 5 za nafasi, wewe una RAM ya GB 4.

Rafiki yako aliyetaja /usr/src hajakosea, amewahi tu. Waraka wa FHS, ambao ndio mpangilio wa folda unaofuatwa na mifumo mingi ya Linux, katika toleo lake 3.0 la 2015 unaitaja /usr/src kuwa ni mahali pa msimbo wa kurejelea, na /usr/local/src kwa msimbo wa mashine husika. Lakini /usr/src ya mfumo upi? Mfumo wako wa sasa una /usr/src yake, na humo msimamizi wa vifurushi wa mfumo huo huweka vichwa vya kerneli vyake. Ukichanganya humo mafurushi ya mfumo mwingine, umeingia chumba cha mpangaji mwenzako. Na chroot haitaiona, kama nilivyokueleza. Mfumo wako mpya ukishasimama kwa miguu yake, ndipo /usr/src yake inakuwa mahali pazuri kweli. Hata maelekezo ya mradi yanapendekeza partisheni ya peke yake ya GB 30 hadi 50 kwa /usr/src, ili mafurushi ya programu za ziada yatumike na ujenzi zaidi ya mmoja. Bohari yako ya GB 40 inaweza kugeuka kuwa hiyo hiyo, kwa kuongeza mstari mmoja kwenye fstab ya mfumo mpya.

Sasa gati, folda zilizofunguliwa. Furushi lifungulie humo humo ndani ya sources, jenga, sakinisha, rudi juu, futa. Kila furushi, kila mara:

cd $LFS/sources
tar -xf binutils-*.tar.xz
cd binutils-*/
(hapa unajenga na kusakinisha)
cd $LFS/sources
rm -rf binutils-*/

Ile alama ya mkwaju (/) mwishoni mwa rm usiiache. Ukiandika binutils-* bila mkwaju, umefuta folda na furushi lake pamoja. Ndani ya chroot andika /sources badala ya $LFS/sources.

Utaniuliza, kwa nini nifute kitu nitakachokihitaji tena kesho? Kwa sababu utakihitaji kikiwa safi. Binutils, zana za kuunganishia programu, utaijenga mara tatu. Furushi la GCC utalifungua mara nne: mzunguko wa kwanza, kisha maktaba ya libstdc++ inayotoka humo humo, mzunguko wa pili, na mwisho ujenzi wenyewe ndani ya chroot. Mara ya kwanza inajengwa na kompaila ya mfumo wako wa zamani, mara ya mwisho na kompaila uliyoizaa mwenyewe. Ukirudi kwenye folda ya mzunguko wa kwanza, make, amri inayoendesha ujenzi, itaangalia tarehe za mafaili, itakuta vitu vimeshajengwa, itaviacha kama vilivyo. Utakuwa umeingiza kwenye mfumo mpya vipande vilivyoundwa kwa ajili ya mfumo wa zamani, na hakuna kitakacholalamika siku hiyo. Kinalalamika baada ya wiki.

Na kwa kuwa make inategemea tarehe, angalia saa ya kompyuta yako. Betri yako kubwa imekufa, na kama ile ndogo ya ubaoni nayo imechoka, saa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika. Mafaili yanaonekana yametoka siku zijazo na make inachanganyikiwa. Rekebisha saa kwanza.

Glibc na GCC zina desturi nyingine: hazitaki kujengwa palepale penye msimbo. Unaunda folda ya build ndani yake, unaingia, unaita ../configure. Glibc itakataa kabisa usipofanya hivyo. Ukimaliza, futa folda nzima, msimbo na build.

Ukishaingia chroot unakuwa root, na tar akiendeshwa na root hutunza namba za umiliki zilizokuja ndani ya furushi. Mtunzi aliyefunga furushi kwake akiwa mtumiaji namba 1000, mafaili yatafunguka kwako yakiwa ya namba 1000, na namba hiyo ndiyo mifumo mingi humpa mtumiaji wa kwanza. Kwa folda utakayoifuta baada ya nusu saa si neno. Kwa utakayoibakisha ni neno kubwa, maana mtumiaji huyo ataweza kubadilisha msimbo ambao root atakuja kuujenga.

Folda ya kubakisha ni moja tu, ya kerneli. Hiyo usiifute, kwa sababu utarudi kuwasha kitu ulichosahau, kadi ya Wi-Fi aghalabu, na viendeshi vya nje vya kerneli vinaihitaji ili vijengwe. Ihamishie /usr/src, uipe chown -R 0:0, na .config yake uinakili /boot. Utakuta maandishi ya zamani kwenye intaneti yakikuambia uunde kiungo cha /usr/src/linux. Usifuate. Vichwa vya kerneli vilivyomo /usr/include vinapaswa kubaki vile vile ambavyo Glibc ilijengwa navyo, na kiungo hicho kiliwapotosha watu wengi kuvichanganya na vya kerneli mpya.

Nirudi bohari kwa jambo moja ambalo hukuliuliza. Kila furushi lihakikiwe kabla ya kufunguliwa. Maelekezo yana faili la md5sums lenye namba ya kuhakiki kila furushi, unaingia kwenye folda na kupiga md5sum -c md5sums, na kila mstari ujibu OK. Hilo linakuhakikishia kwamba bando halikukata faili katikati. Halikuhakikishii kwamba faili ni la kuaminika, kwa kuwa MD5 imevunjika tangu 2004, na hata isingevunjika, namba inathibitisha kwamba umepata kile kilichowekwa pale, haisemi aliyekiweka alikuwa na nia gani. Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yametiwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde. Kinachotuhusu sisi wa bohari ni hiki: faili moja lililowasha mlango huo, build-to-host.m4, lilikuwemo kwenye furushi lililotolewa kwa watu lakini halikuwemo kwenye hazina ya git ya mradi, yaani kumbukumbu ya msimbo wake. Na xz imo kwenye orodha ya mafurushi utakayojenga. Aliyehifadhi mafurushi yake aliweza kufungua bohari siku ile ile na kujua ana toleo gani. Aliyefuta ili kuokoa nusu GB alibaki kukisia. Penye saini, kama za kerneli, hakiki saini kwa gpg, na faili la saini ulihifadhi kando ya furushi.

Karatasi za ofisini, viraka vyako, skripti, .config na daftari, zisikae kwenye partisheni ya ujenzi hata kwa usiku mmoja. Ziweke kwenye /home ya mfumo wako wa sasa, ziwe ndani ya git, na nakala kwenye flashi. Andika kila siku umefikia kifurushi gani na umebadilisha nini. Ukifika mwisho wa zana za muda, kabla ya kujenga mfumo wenyewe, fanya nakala nzima ya $LFS kwa tar na uiweke bohari. Toka chroot kwanza, uondoe /dev, /proc, /sys na /run zilizopachikwa humo, na uhakikishe kwa findmnt kwamba zimetoka kweli. Ujenzi ukiharibika baadaye, unarudia kutoka hapo badala ya kuanza na Binutils ya kwanza.

Kufuta au kuacha ukimaliza: acha. Mfumo ukishawaka wenyewe, folda ya /sources haina sababu ya kubaki kwenye mzizi, kwa hiyo linganisha mafurushi yake na ya bohari kwa md5sum, ukiona yote yapo, futa ya /sources, hamishia bohari folda ya kerneli iliyomo /usr/src isije ikafunikwa, kisha pachika bohari kwenye /usr/src. Na kama utawagawia wenzako wa chuo mfumo ulioujenga, kumbuka kerneli, GCC, Bash na vingine vingi viko chini ya leseni ya GPL. Ukimpa mtu programu iliyojengwa, ana haki ya kupata msimbo wake kutoka kwako. Ukinakili mfumo kwenye flashi ya rafiki, nakili na folda ya mafurushi pamoja na viraka vyako.

Kwa usiku wa leo, gawa diski: GB 30 za ujenzi, GB 40 za bohari, zote ext4. Uliyoyashusha Downloads yahamishie bohari, yahakiki, na yatakayogoma tu ndiyo uyashushe upya.